Mchezo Huuzwa Mezani



Mwaka 1974, nchini Marekani, Gary Gygax na wenzake walichapisha nakala 1,000 za Dungeons & Dragons, zikafungashwa kwa mikono nyumbani kwake. Zilikwisha ndani ya takriban mwaka mmoja. Walioucheza waliwafundisha wenzao.

Bao nalo hufunzwa barazani. Kwa hiyo mbunifu wa mchezo mpya wa kuigiza wahusika asimtwishe mwenye duka shehena. Ampe nakala chache kwa mali kauli. Mwenye duka naye atenge meza moja jioni, penye dadu, karatasi, penseli na msimulizi mmoja. Mteja hanunui asichokielewa; akishacheza, ataamua mwenyewe. Hivyo mtaji hautalala rafuni.