Wadudu Wadogo Warukao Majumbani: Tuwafuate Wanakozaliwa

Nasaha za Afisa Afya kwa wakazi wa kata



Msimu wa mabibo na maembe unapowadia, na mvua zinapofuata, nyumba zetu hujaa wadudu wadogo warukao. Wengi wetu hukimbilia dukani kununua dawa ya kupuliza. Wadudu hufa jioni, na baada ya siku chache wengine huchukua nafasi yao. Sababu ni kwamba tumewaua waliokwisha kuota mabawa na kuliacha chimbuko lao. Kumtambua mdudu ndiko kujua mahali pa kumtafutia.

Wa kwanza ni nzi wadogo wa matunda, wenye rangi ya hudhurungi na macho mekundu. Hawaumi. Hutaga mayai katika vitu vinavyochacha: mabibo, maembe yaliyoiva mno, maganda na masalia ya togwa. Fukieni maganda mbali na nyumba, funikeni matunda, na osheni ndoo ya taka. Watakaobaki wanaswe kwa kikombe chenye siki na tone la sabuni ya maji.

Wa pili ni vinzi wa bafuni, wenye manyoya mfano wa nondo mdogo, ambao hutulia ukutani mchana. Huzaliwa katika utelezi ulio ndani ya bomba la maji machafu. Kuthibitisha, funikeni mdomo wa bomba usiku kucha kwa nailoni iliyopakwa mafuta upande wa chini. Wakinata hapo, sugueni utelezi huo kwa brashi na sabuni.

Wa tatu ni usubi, wanaowasumbua zaidi wanaoishi karibu na mikoko. Huzaliwa katika tope na ardhi yenye unyevu, na kwa udogo wao hupenya matundu ya chandarua cha kawaida. Kukata mikoko si dawa. Jisitirini kwa nguo ndefu, na fungeni madirisha kabla ya magharibi.

Wa nne ni mbu, na hapa naomba usikivu wenu. Mbu aenezaye malaria huuma usiku, na chandarua chenye dawa hutukinga naye. Lakini yuko mbu mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, ambaye huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Huyu ndiye aenezaye homa ya dengi na chikungunya.

Jina chikungunya lina asili ya Kimakonde, nalo huashiria kujikunja kwa mgonjwa kutokana na maumivu ya viungo. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 huko Newala, katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, ambalo Lindi ilikuwa sehemu yake. Maji yalikuwa haba katika uwanda ule, watu wakayahifadhi majumbani, na mbu wakazaliana katika vyombo hivyo hivyo.

Hali hiyo haiko mbali nasi. Sisi pia huhifadhi maji katika mapipa, madumu na mitungi, na nyuani mwetu kuna vifuu vya nazi na matairi chakavu. Mbu huyu haruki mbali: anayekuuma, aghlabu amezaliwa kwako au kwa jirani yako.

Tunayo desturi njema ya kufanya usafi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hata hivyo, yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10, hivyo kati ya usafi mmoja na mwingine vizazi viwili au vitatu huweza kuruka. Kwa hiyo nawaomba kila kaya itenge siku moja katika kila juma. Siku hiyo, mwageni maji yenye viluwiluwi juu ya ardhi kavu, sugueni kuta za ndani za vyombo, kwa kuwa mayai hung'ang'ania hapo na hudumu miezi kadhaa pakavu, kisha vifunikeni vyema. Vifuu vifukiwe au vichomwe.

Namalizia kwa maonyo mawili. Viuatilifu vya mikorosho ni vya shambani. Visipulizwe kamwe chumbani wala karibu na maji ya kunywa. Pili, mwenye homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo aende zahanati apimwe, wala asimeze aspirini au diklofenaki kabla ya kupimwa, maana ikiwa ni dengi, dawa hizo huweza kuzidisha hatari ya kutokwa damu.

Leo mtakaporejea nyumbani, anzeni kwa kuchungulia ndani ya pipa la maji.