Mazungumzo: Pikipiki ya Mkopo na Njia za Ufipa



Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huko, kama ilivyo hapa Visiwani, pikipiki humfikisha mwalimu shuleni, mgonjwa zahanati na gunia la mahindi sokoni. Asiyekuwa na fedha taslimu huichukua kwa utaratibu uitwao "mkataba": mwenye chombo hupokea malipo ya kila siku au kila wiki, na kadi ya usajili hubaki kwake mpaka deni limalizike.

Inafaa hesabu ifanywe kabla ya kutia saini. Ichukuliwe, kwa mfano, pikipiki ya shilingi 3,000,000. Ikilipiwa shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 za wiki, kwa wiki 78, jumla yake ni shilingi 4,680,000. Ziada ni shilingi 1,680,000, zaidi ya nusu ya bei. Ziada hiyo aghalabu haitamkwi, kwani shilingi 10,000 husikika kuwa ni kitu kidogo.

Lipo pia suala la majira. Ufipa hupata mvua tangu Novemba hadi Aprili. Njia za udongo huwa utelezi, na mkulima hana fedha mpaka avune. Kijana akishindwa kulipa mwezi wa Februari, chombo huweza kuchukuliwa ilhali amekwisha kulipia mwaka mzima. Kwa hiyo ni haki yake kuomba kifungu cha maandishi kwamba malipo yapungue wakati wa mvua na yaongezeke baada ya mavuno, na kila anapolipa apewe risiti. Wenye vikundi vya vijana au wanawake waulizie kwanza mkopo wa Halmashauri, ambao hauna riba.

Ieleweke vilevile kuwa bima ya lazima humlinda mtu mwingine aliyedhurika, si mwendeshaji wala chombo chake. Mguu ukivunjika, deni halivunjiki.

Hatari kubwa iko kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ambako njia hushuka kutoka uwandani hadi Bonde la Ziwa Rukwa, lililo kama mita 800 tu juu ya usawa wa bahari. Visiwani hakuna mteremko wa namna hiyo. Wapo wanaoshuka bila gia ili kuokoa petroli. Breki hupata moto na kulegea, na petroli iliyookolewa haifiki hata nusu lita. Mwendeshaji aingize gia ndogo tangu juu, apunguze mwendo kabla ya kona kwa breki zote mbili, na mzigo ufungwe chini, karibu na kiti. Kupakia "mshikaki", yaani abiria zaidi ya mmoja, ni kosa kisheria.

Kuhusu kofia ngumu, uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kuwa hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimo katika hesabu hiyo. Bei ya kofia mbili, ya mwendeshaji na ya abiria, iingizwe katika mkopo tangu siku ya kwanza.