Kwa nini tumeze dawa ya macho hata sisi tusioumwa

(Maneno ya mhudumu wa afya ya jamii kwenye mkutano wa bloku. Yamechapwa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Juma lijalo tutapita nyumba kwa nyumba na dawa ya trakoma, ule ugonjwa wa macho ambao wengine huuita vikope. Tangu habari hii itoke, nasikia swali moja pale bombani: "Macho yangu ni mazima, nimeze dawa ya nini?" Swali ni zuri. Mimi mwenyewe niliwahi kujiuliza, tena nikajijibu vibaya.

Mnajua nilikulia Uganda, kijiji kimoja nje ya Jinja. Wagawaji wa dawa walipokuja nilikuwa na miaka kama kumi. Mwenzangu wa shule akaniambia vidonge vile ni vya kuzuia uzazi. Nikaviweka chini ya ulimi, nikaenda kuvitema nyuma ya choo. Lakini nilikuwa nalala mkeka mmoja na mdogo wangu, na kitambaa cha kufutia uso kilikuwa kimoja kwetu sote. Yeye alimeza. Baada ya miezi michache macho yake yakawa mekundu tena, yanatoa tongotongo. Siwezi kuapa kwamba ni mimi niliyemwambukiza, ila ndivyo ugonjwa huu unavyotembea.

Kijidudu chake hukaa zaidi kwa watoto wadogo, na mara nyingi mtoto mwenyewe hasikii lolote. Hupita kwa vidole, kwa nguo, na kwa inzi wanaotua usoni. Ukimtibu anayeumwa peke yake, kesho atakipata tena kwa ndugu yake. Kwa hiyo wapimaji hugeuza kope za watoto wa mwaka 1 hadi 9. Wakikuta dalili kwa watoto 10 au zaidi katika kila 100, hawachagui nyumba. Eneo zima hupewa dawa, mara moja kwa mwaka, kwa miaka kadhaa.

Ukipanda gari Jinja kwenda Mbale, unapita Iganga na Namutumba. Wilaya hizo za Busoga zilikuwa na trakoma nyingi, na Jinja pia, ingawa Ziwa Viktoria na mto Nile viko mlangoni. Uganda ilianza kugawa dawa hii kwa jamii nzima mwaka 2007. Baadaye nilipoishi Mbale kwa shangazi, nilimfahamu sokoni bibi mmoja aliyetoka upande ule. Aliuza ndizi, akitambua noti kwa vidole. Kope zake zilikuwa zimegeukia ndani, zinakwaruza jicho kila akipepesa, na binti yake alizing'oa kwa kibano. Ugonjwa ulimwingia utotoni, ukarudi na kurudi mpaka ukaacha makovu. Kwake vidonge vilikuwa vimechelewa. Kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo, lakini uoni uliokwisha kupotea haurudi kwa upasuaji huo. Kama kuna mzee nyumbani kwako anayechomwa na kope, tafadhali tuambie mapema.

Mfano mzuri uko Tanzania, kitongoji cha Kahe Mpya, wilaya ya Rombo. Mwaka 2000, kati ya wakazi 978, walitibiwa 956. Kabla ya hapo kijidudu kilikuwa kwa watu karibu 10 katika kila 100. Baada ya miaka 2 kilikuwa kwa mtu 1 katika kila 1,000. Ni kweli kwamba katikati ya muda huo walioonekana bado na ugonjwa walipewa pia dawa ya kupaka. Lakini tazameni ile hesabu ya kwanza: karibu kila mtu alikubali.

Dawa yenyewe inaitwa azithromaisini. Inaua vijidudu; haihusiani na uzazi, na hailipiwi. Tutakupima urefu kwa fimbo yenye alama ili tujue kiasi chako. Mtu mzima kwa kawaida ni vidonge 4, mtoto mdogo ni dawa ya maji. Mtoto chini ya miezi 6 hupewa mafuta ya tetrasaiklini ya kupaka machoni, asubuhi na jioni kwa wiki 6. Mama mjamzito, na yeyote aliyewahi kuvimba kwa sababu ya dawa, aseme kwanza. Mtoto akilia hatumshiki kwa nguvu, maana anaweza kupaliwa, tutangoja anyamaze. Wengine watasikia kichefuchefu au tumbo kusokota, kisha hupita.

Maji ni shida, najua, nami hupanga foleni ile ile. Lakini uso wa mtoto hutakata kwa kikombe kimoja. Na inzi hawa huzaana kwenye mavi yaliyoachwa wazi, hata yale ya mtoto mchanga tunayodhani hayana neno.

Tutaanza Jumatatu asubuhi, upande wa bomba. Watoto waliokwenda kuni wasubiriwe; Alhamisi jioni tutarudi kwa waliokosa. Kila mtu atameza mbele yetu, na mimi nitatazama chini ya ulimi.