Jua Familia za Dawa za ARV

  

Hebu mfikirie nyanya aliyesafiri na mjukuu wake likizo ya Desemba. Dawa za mtoto zimeisha, naye anaingia kituo cha afya ambacho hakimjui. Daktari anamuuliza, "Shosho, mtoto anatumia dawa gani?" Nyanya anajibu, "Ni zile nyeupe, mwanangu." Lakini vidonge vyeupe ni vingi! Leo basi tujifunze majina ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, yaani ARV, pamoja na familia zake.

Seli za CD4 ni askari wa mwili. Leo tuichukulie kila seli kuwa kibanda cha fundi wa nguo. Kirusi hakina cherehani yake. Huingia kibandani na mchoro wa nguo, kikaunakili. Kisha huchomeka nakala hiyo katika daftari la fundi. Fundi, bila kujua, hushona kitambaa kirefu cha adui. Kitambaa hicho hukatwa kwa mkasi, na vipande vikawa virusi vipya vinavyovamia vibanda vingine.

Kila familia ya ARV huziba njia moja kati ya hizo.

Familia ya kwanza ni tenofovir, lamivudine, abacavir na zidovudine. Hizi ni kama wino bandia: kirusi kikinakili, mstari hukatikia njiani. Zidovudine ndiyo ARV ya kwanza kuidhinishwa, huko Marekani mwaka wa 1987.

Familia ya pili ni nevirapine na efavirenz. Hizi huushika mkono unaonakili usisogee.

Familia ya tatu ni dolutegravir na raltegravir. Huzuia nakala isichomekwe katika daftari.

Familia ya nne ni lopinavir, atazanavir na darunavir. Hufanya mkasi kuwa butu. Huongezewa ritonavir kidogo ili zipate nguvu.

Watu wazima wengi hapa Kenya hutumia kidonge kiitwacho TLD. Ni kidonge kimoja kwa siku, lakini ndani mna dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Watoto wadogo wengi hupewa abacavir, lamivudine na dolutegravir. Dolutegravir ya watoto, inayoyeyushwa kwa maji, ilianza kutumika nchini mwaka wa 2021.

Mbona dawa zichanganywe? Kirusi hujibadilisha upesi. Ukiruka dawa mara kwa mara, kirusi huzoea na dawa hushindwa. Tena kirusi kilichozoea nevirapine mara nyingi huishinda efavirenz pia, kwa kuwa ni za familia moja. Ndiyo sababu daktari huuliza ni dawa zipi mtoto alitumia zamani, si za leo tu.

Mbona zimezwe maisha yote? Kwa sababu nakala zilizokwisha kuingia daftarini hazifutiki. Dawa zikiachwa, fundi huanza kushona tena, hata kama mtoto anaonekana mnono na mwenye afya.

Mama mjamzito, sikiliza hapa. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma hupunguza nguvu ya dolutegravir vikimezwa pamoja tumbo likiwa tupu. Vimeze pamoja wakati wa kula. La sivyo, meza dolutegravir saa mbili kabla ya vidonge hivyo, au saa sita baadaye. Usiache chochote kati ya hivyo viwili. Ukitumia dawa za kiungulia au za kifua kikuu, mweleze mhudumu, kwani huenda ratiba au kipimo kikabadilishwa.

Kabla hatujaagana, nakuomba ufanye mambo matatu. Chukua mkebe wa dawa, usome majina yote, uyaandike kwenye kijitabu cha kliniki. Ukisafiri, beba kijitabu hicho na dawa za kutosha. Na usimgawie mtoto kidonge chako, hata kama jina ni lile lile, kwa kuwa kipimo chake hutegemea uzani.

Kama hujui kusoma, mwombe mhudumu akusomee polepole, nawe urudie mpaka ushike. Hakuna aibu katika kuuliza.