Mboga za Majani kwa Wanyanyua Vyuma: Mazungumzo na Walaji wa Jiji la Mwanza



Katika vyumba vya mazoezi vya jiji hili, kuanzia Kirumba hadi Buhongwa, usemi mmoja umezoeleka: majani ni chakula cha ng'ombe, na atakaye misuli ale nyama, mayai na unga wa kopo. Wapo vijana wanaotenga sehemu kubwa ya kipato chao kununua kopo moja la unga huo, kisha nyumbani wakausukuma mchicha pembeni mwa sahani. Leo twaomba tuupime usemi huo kwa haki, kwa maana ndani yake mna ukweli kiasi na hasara kubwa.

Tuanze na ukweli. Ng'ombe hujenga mwili kwa nyasi kwa sababu tumboni mwake wamo vijidudu wanaozichachua, na vijidudu hao hatimaye humeng'enywa na kuwa protini yake. Binadamu hana tumbo la namna hiyo. Mtu anayefanya mazoezi ya nguvu huhitaji takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 70 huhitaji gramu 112 hivi. Gramu 100 za mchicha uliopikwa hazizidi sana gramu 2 au 3 za protini. Angetegemea mchicha peke yake, ingempasa ale zaidi ya kilo tatu na nusu kila siku. Kwa hiyo hatutamwambia mtu yeyote kwamba mboga za majani hujenga misuli badala ya samaki au maharage. Asemaye hivyo anawapotosha.

Hata hivyo, nyumba haijengwi kwa matofali peke yake. Damu ndiyo ipelekayo hewa ya oksijeni kwenye misuli, na damu huhitaji madini ya chuma na folati. Mchicha, mgagani, mnafu, matembele na majani ya maboga vina virutubisho hivyo. Mboga hizi huleta pia magnesi na potasiamu, ambazo misuli huzihitaji ili ijikaze na kulegea. Vitamini K kwa ajili ya mifupa. Na nyuzinyuzi, ambazo mla nyama na mayai kwa wingi huzikosa, akaishia kulalamikia choo kigumu. Anyanyuaye vyuma huku damu yake ikiwa pungufu huchoka mapema, hata kama kopo lake ni la bei ya juu kiasi gani.

Madini ya chuma yaliyomo katika majani hayafyonzwi kwa urahisi kama yale ya nyama na samaki. Dawa yake imo jikoni mwetu. Mboga zikiliwa pamoja na ndimu, nyanya mbichi au chungwa, vitamini C husaidia ufyonzwaji huo. Na zikiliwa pamoja na sato, sangara au dagaa, samaki huyo husaidia pia. Chai ya rangi hufanya kinyume. Anayeipenda asubiri walau saa moja baada ya mlo.

Hapa ndipo mkaaji wa kando ya Ziwa Victoria alipo na bahati. Dagaa wakavu waliosafishwa vizuri wana protini nyingi, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao hutupatia kalsiamu. Sahani ya ugali wa dona, dagaa, maharage au choroko, na fungu la matembele lililotiwa mafuta kidogo ni mlo kamili wa mwanamichezo. Mafuta hayo yana kazi yake, kwa maana husaidia mwili kupokea vitamini A. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate walau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Anayetaka kuongeza uzito asipunguze ugali kwa ajili ya mboga, na sahani kubwa ya majani isiliwe muda mfupi kabla ya mazoezi, kwani tumbo litakuwa zito.

Sasa tuzungumzie ununuzi na upishi. Muulizeni muuzaji bustani yake hunyweshwa kwa maji gani, kwani mito na mifereji ipitayo katikati ya jiji hupokea maji machafu. Muulizeni pia lini alipulizia dawa ya wadudu, maana kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna. Mboga zioshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukatwa. Zipikwe kwa maji machache na kwa muda mfupi, na maji yake yasimwagwe. Kisamvu kina sharti tofauti: kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu, kwani majani ya mhogo yakiwa mabichi yana sumu. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, au wenye maradhi ya figo, wamwone daktari kabla ya kubadili kiasi cha mboga wanachokula.

Na kopo je? Hatulikatazi. Ila kabla ya kulipa, someni lebo: jina na anwani ya mtengenezaji, viambato, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na gramu za protini kwa kila kipimo. Gawanyeni bei kwa jumla ya gramu za protini zilizomo, kisha fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa dagaa na maharage ya sokoni. Jihadharini na bidhaa inayoahidi misuli kwa wiki chache. Duniani zimepatikana nyingine zilizochanganywa kwa siri na dawa za homoni, ambazo huweza kudhuru ini na moyo na kupunguza uwezo wa kuzaa. Daini risiti na itunzeni. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, na dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mkiwa na shaka, pelekeni huko kopo pamoja na risiti yake.

Ndugu zetu, mwili haujengwi kwa siku moja. Kesho mkipita sokoni, kabla ya kulipia kopo, nunueni kwanza dagaa, ndimu na fungu la mgagani.