Sheria Ndani ya Luku

Zamani misafara ya njia yetu hii ya Tabora ililipa hongo. Mtemi alitaja kiasi, mwenye msafara akabishana naye, hata siku mbili tatu. Leo mbishane na nani? Na mita?

Tazameni kodi ya majengo. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, na wataalamu wakaitia katika kompyuta. Tangu Agosti 20 mwaka ule, ukinunua umeme wa Luku kompyuta inakata yenyewe. Nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi; Julai 2023 zikawa 1,500. Kazi nyepesi kweli! Lakini kompyuta inajua namba ya mita tu. Haimwoni mpangaji anayemlipia mwenye nyumba. Haimwoni mzee wa miaka 60 anayeishi katika nyumba yake, wala tembe ya udongo, ingawa hao sheria imewasamehe.

Basi karatasi ya Luku, au ujumbe wa simu, usome mpaka mwisho. Umekatwa na umesamehewa? Chukua namba ya mita na kitambulisho, uende TRA au halmashauri. Nawe mpangaji, mwonyeshe mwenye nyumba, akupunguzie kwenye pango.