Sare, Sketi na Barabara ya Kurudi Nyumbani

(Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, Dodoma mjini)

Mada mliyonipa ni hii: je, shule ina haki ya kumpangia mwanafunzi avae nini? Nasikia mdahalo wenu wa wiki iliyopita ulikuwa moto, upande wa kupinga ukashinda, na mwalimu wa nidhamu hakufurahi. Mwalimu, shikamoo, nakuona hapo nyuma.

Mimi leo nitaziudhi pande zote mbili. Kwanza, naunga mkono sare. Angalieni humu ukumbini: mtoto wa mbunge na mtoto wa mama anayeuza karanga soko la Majengo, wote shati jeupe. Ruhusu kila mtu aje na nguo zake, Jumatatu tu tutajua kwa nani kuna hela. Asiye nazo atazitafuta, na anayempa mnamjua. Anaanza na chipsi, lifti, halafu viatu. Ndiyo huyo mnayemwita buzi. Mnacheka, lakini wengi wanaochukua mimba na magonjwa ya zinaa walidhani wanamchuna yeye.

Tatizo ni kwamba sare nayo inanunuliwa. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Sare ilibaki kwa mzazi.

Nilipokuwa kidato cha pili sketi yangu ilipauka, si bluu tena wala si kijivu. Nikaambiwa nirudi nyumbani, nisije mpaka niwe na nyingine. Ilikuwa mwezi wa sita, upepo wa huku mnaujua, na kwetu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Nilikaa siku tisa mama akisubiri kuuza alizeti. Katika siku hizo watu wawili walijitolea kuninunulia sketi. Mmoja alikuwa shangazi yangu. Wa pili hakuwa ndugu, na alinikuta barabarani siku ile ile niliyorudishwa. Shangazi aliwahi. Jamani, sikuwa na akili kuliko wenzangu. Nilikuwa na shangazi.

Msidhani ni mimi tu. Magharibi mwa Kenya, kuanzia 2003, watafiti walifuatilia shule za msingi 328. Katika baadhi ya shule hizo wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bure, na baadaye wakaongezewa ya pili. Baada ya miaka mitatu, walioacha shule kati ya wasichana 100 walikuwa 16, wakati kwa wasiopewa walikuwa 19. Waliopata mimba walikuwa 13 badala ya 16. Ni kitambaa tu hicho! Ila sare peke yake haikupunguza magonjwa ya zinaa, kwa hiyo somo la kondomu mwezi ujao liko palepale.

Mtaniuliza, na vimini je? Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana: marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana, kuanzia Januari 1969. (Krimu za kujichubua nazo zilikatazwa. Hapo nawaunga mkono, mkorogo unaharibu ngozi kweli.) Hata kabla ya tarehe kufika, vijana wa kiume walivamia mabasi Kariakoo, wakawashusha wasichana na kuwachania nguo. Sasa niambieni, aliyekosa adabu pale ni mwenye kimini au mwenye mkono? Shule ikikupimia sketi isikuambie kwamba ukibakwa umejitakia. Anayebaka ndiye mwenye kosa, hata uvae gunia.

Wavulana, msijifiche. Suruali ya modo ya nailoni, jua la Oktoba, jasho: hapo fangasi wa mapajani anashukuru. Hali kadhalika wenye shati moja mnaolifua usiku na kulivaa bichi. Ukianza kuwashwa nenda zahanati, usipake dawa ya kuazima.

Na hizi sketi za rangi ya maziwa, nani alizichagua? Bila shaka hakuwa mwenye hedhi. Msichana akichafuka mara moja tu, mwezi unaofuata anabaki nyumbani siku nne. Rangi nyeusi au bluu iliyoiva haivunji nidhamu ya mtu. Kadhalika sweta. Mwezi wa saba mtu akija na la kijani badala ya bluu, mwacheni aingie darasani, barua iende kwa mzazi.

Nilipoingia nilizungumza na mkuu wa shule. Amekubali kabati liwekwe chumba cha mwalimu wa malezi. Kidato cha nne wakimaliza Novemba, wasichane mashati wala kuyaandika kwa kalamu, wayafue wayalete. Atakayehitaji ataingia peke yake, mlango umefungwa, hakuna kuandika jina.

Haya, maswali. Wewe dada wa dirishani, uliinua mkono tangu niliposema buzi.